Kuhama Bila Kuanika Nyumba: Mafunzo Niliyopata Barabara ya Bagamoyo

Kila mwisho wa mwezi Barabara ya Bagamoyo hujaa watu wanaohama. Kirikuu zinatoka Mwenge, Tegeta na Bunju kuelekea kaskazini, godoro limefungwa juu kwa kamba, mtungi wa gesi umebanwa kati ya makochi, mtoto kakaa mbele kaikumbatia runinga. Wengine wanafuata kiwanja walichonunua Mapinga, wengine kodi nafuu ya Kerege au Zinga. Wengine kazi ndiyo imewaleta Bagamoyo mjini, kama ilivyonileta mimi, mwalimu wa sekondari. Kabla ya kufika hapa Magomeni ya Bagamoyo nimepanga Sinza, Tegeta na Bunju, na kila kuhama kumeniachia funzo.

Tunapohama tunalinda friji na kabati, tunasahau habari za nyumba. Siku hiyo dalali ana namba yako na kivuli cha kitambulisho chako, dereva anajua unakolala, vijana wa kubeba mizigo wanajua sanduku lenye kufuli liko chumba gani, na mpita njia ameshaona ukubwa wa runinga. Kitu kikiibwa unakikosa siku hiyohiyo. Habari ikichukuliwa hujui, mpaka siku akupigie mtu usiyemjua anayekujua kwa majina yako matatu.

1. Orodha iandikwe mbele ya mashahidi

Funzo hili nililipata Misheni ya Kikatoliki hapa Bagamoyo, nilipowapeleka wanafunzi kuona mnara wa kanisa ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874. Wengi hukumbuka mwili; mimi nilivutiwa na namna mizigo ilivyosafirishwa. Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Waliokuwa naye, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walibaki na masanduku ya madaftari, ramani na vipimo, na mbele yao safari ya zaidi ya kilomita elfu moja hadi pwani. Waliitana wote, masanduku yakafunguliwa kila mtu akitazama, na Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, akaorodhesha kilichomo. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema hakuona.

Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, Luteni Cameron wa jeshi la majini la Uingereza aliyafungua masanduku na kuchukua sehemu kubwa ya vipimo kwa ajili ya safari yake, ingawa wenye msafara hawakupenda. Mbele zaidi, mahali paitwapo Kasekera, watu hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Basi wapagazi wakaufunga mwili upya, ukafanana na mtumba wa nguo kama mitumba mingine. Kisha wakafunga mabua ya mtama kwa sura ya maiti na kuyatoa kana kwamba maiti inarudishwa Unyanyembe ikazikwe. Msafara ukapita, na mzigo wenye heshima kuliko yote ulikuwa hautofautiki na mingine.

Tangu nilipoisoma habari hiyo sifungi mzigo bila daftari. Kila boksi na kila mfuko wa shangazi kaja unapewa namba kwa wino mzito, namba peke yake. Yaliyomo yanaandikwa daftarini: boksi namba 4, vyombo, namba 9, redio na nyaya. Anayeandika RUNINGA au VITO juu ya boksi amemfanyia mwizi kazi yake. Vifaa vya umeme naviandika pamoja na namba zake za kiwandani. Ya simu hupatikana kwa kubonyeza *#06#, na ndiyo inayohitajika kitu kikipotea ukaenda polisi.

Orodha husomwa kwa sauti wakati wa kupakia, dereva na jirani mmoja wakisikia, na husomwa tena wakati wa kushusha. Tulipofika Bunju mfuko namba 11 haukuonekana. Dereva alishikilia kwamba kila kitu kimeshashuka. Nikamsomea namba aliyoisikia yeye mwenyewe asubuhi, jirani yangu aliyetusindikiza akiwa amesimama pale. Akarudi garini, mfuko ukatoka nyuma ya kiti chake, chini ya turubai. Sikulazimika kumwita mtu mwizi, daftari lilitosha.

2. Dalali asipige picha vitu vyako vikiwa ndani

Mwenye nyumba akishajua unahama, dalali huanza kuleta wapangaji wengine na wewe bado umo. Zamani alileta mtu mmoja mmoja, akabisha hodi, mkasalimiana. Siku hizi anapiga video kwa simu, chumba kwa chumba, na kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp na Instagram: kitanda chako, picha ya harusi ukutani, sare ya shule yenye nembo iliyotundikwa kwenye kamba. Kwa video fupi mtu asiyekujua ameshajua mwanao anasoma wapi.

Nimejifunza kusema mapema na kwa upole: "Karibu kaka, nyumba onyesha, ila picha utapiga nikishatoa vitu vyangu." Dalali mwenye busara huelewa. Akisema wateja wana haraka, apige jiko, choo na uwani. Huo si ukorofi. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake, na mpangaji anayo maskani mpaka atakapokabidhi ufunguo.

3. Begi moja likae mapajani

Liko begi ambalo halipandi nyuma ya gari. Humo mna vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, mkataba wa pango, karatasi za kiwanja, kadi za benki na dhahabu ya nyumbani kama ipo. Cheti cha Baraza la Mitihani kikipotea utaanza na taarifa ya upotevu polisi, utatangaza gazetini, ndipo uombe kingine. Karatasi za kiwanja zikipotea, safari ni ndefu kuliko hiyo.

Dawa nazo zikae humo, pamoja na kadi za kliniki. Hili naliwekea mkazo. Siku ya kuhama ndugu na majirani huingia mpaka chumbani kusaidia, na wengi husaidia kwa moyo safi. Lakini chupa ya dawa au kadi ya CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, ikidondoka sebuleni, siri ambayo mtu ameitunza miaka mingi imekwisha mbele ya kadamnasi. Nimeshuhudia binti mmoja ambaye kadi yake iliokotwa na mtu akaisoma kwa sauti, labda bila kujua anasoma nini. Binti alinyamaza, akaendelea kufunga vyombo. Alihamia mtaa mwingine na maneno yakamfuata hukohuko. Tunayo Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inayolinda siri ya afya ya mtu, lakini hakuna sheria iwezayo kulirudisha neno mdomoni. Dawa zako zifunge wewe mwenyewe, usiku wa kuamkia siku ya kuhama, kabla hajafika mtu. Nguo za ndani vilevile.

4. Karatasi zako zisiende kufungia karanga

Ukihama ndipo unapogundua wingi wa karatasi ulizonazo: risiti, hati za mshahara, taarifa za benki, fomu za mkopo, madaftari ya watoto. Mkono unatamani kuzisomba zote jalalani. Ngoja kwanza. Kwetu karatasi haiishii jalalani. Huokotwa, huuzwa, ikarudi mtaani imefungia karanga au maandazi. Jioni moja nilinunua karanga karibu na soko la samaki la Bagamoyo. Nilipokunjua kikaratasi nikaona fomu ya mkopo ya mtumishi: majina yake matatu, namba ya simu, mshahara, sahihi, na mdhamini wake. Mtu huyo hakuwa amevunjiwa nyumba. Mahali fulani palisafishwa kabati, na mambo yake yakatoka nje. Nilikichana kikaratasi vipande vidogo, nikaondoka na wasiwasi kwa ajili ya mtu nisiyemjua.

Kivuli cha kitambulisho ndicho kinachonitia hofu zaidi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Namba hiyo pamoja na alama za vidole ndizo zinazosajili laini zetu za simu tangu mwaka 2019. Kwa hiyo nikimpa mwenye nyumba au dalali kivuli, naandika kwa kalamu katikati yake, bila kuficha jina: "Kwa mkataba wa pango tu, Magomeni, Bagamoyo," na tarehe. Kivuli kilichoandikwa hivyo si rahisi kutumika kwa jambo jingine. Steshenari nako siondoki mpaka nione picha ya kitambulisho imefutwa kwenye kompyuta na kwenye simu niliyoitumia. Kijana mmoja wa steshenari kule Bunju mwanzoni alidhani simwamini. Nilimweleza sababu, na baadaye nikamkuta anawafutia wateja wote bila kuombwa.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Anayekusanya taarifa zako anapaswa kukueleza anazitaka za nini, wala asizipeleke kwenye jambo jingine bila idhini yako. Madalali wengi niliokutana nao hawakuwa wameisikia. Tuwaambie, tena bila kuwatisha. Wengi wanajaza simu zao vitambulisho vya watu kwa mazoea tu, na simu ya dalali ikiibwa, sote tumeibwa.

Karatasi zisizohitajika nazichoma uwani na kusimama hapo mpaka ziwe majivu. Mvua ikiwa inanyesha, nazilowesha kwenye ndoo mpaka zirojeke. Simu na kompyuta kuukuu hazitoki nyumbani kabla hazijafutwa kila kitu, hata kama zinakwenda kwa fundi wa spea.

5. Soma mita kabla ya kukabidhi ufunguo

Piga picha ya namba ya mita ya LUKU na uniti zilizobaki, unapotoka na unapoingia. Uliza kama mita ina deni, maana deni hukatwa kwa anayenunua umeme, si kwa aliyelisababisha. Kodi ya majengo nayo hukatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021. Kubalianeni mapema nani anaibeba.

6. Hama mchana

Kuhama usiku kunawavutia wanaotaka kukwepa macho ya majirani, lakini mtaani tafsiri yake ni moja: amekimbia kodi. Zaidi ya hapo, usiku hakuna anayeona boksi likishushwa njiani. Mimi hupakia alfajiri nikafika jua likiwa juu. Nachukua gari la mtu anayejulikana kijiweni kwao, napiga picha ya namba ya gari na ya leseni yake na kumtumia ndugu yangu mmoja. Nikishafika salama tunazifuta wote wawili, kwa sababu dereva naye ana haki yake. Bei tunakubaliana kabla, na salio hulipwa vitu vikishaingia ndani na orodha imeshasomwa. Mtu wetu hukaa mbele na dereva. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, turubai nakuja nalo.

Njia ya Tegeta hadi Bagamoyo inatosha mtu kusimulia maisha yake yote: mume anafanya kazi wapi, likizo mnakwenda lini, nyumba inabaki na nani. Madereva wengi ni watu wema wanaopenda soga. Zungumzeni mpira, mvua, bei ya samaki. Ratiba ya nyumba yako ibaki kwako.

7. Pazia kabla ya taa

Jioni ya kwanza ndiyo naihofia kuliko zote. Madirisha hayana pazia, vitu vimelundikwa sebuleni, mmechoka, mnawasha taa zote mpate kupanga. Aliye nje gizani anawaona nyote pamoja na mali yenu, ninyi hammwoni. Ndiyo maana boksi langu namba 1 lina mapazia, shuka, kanga, kamba, misumari na nyundo, na ndilo linaloshushwa kwanza. Dirisha lisilo na fimbo ya pazia hufunikwa kwa kanga mpaka kesho. Huku pwani watu hulala madirisha wazi kwa joto, na wezi wa madirishani huja na mti mrefu wenye ndoano, wakavuta suruali, mkoba au simu kupitia kwenye nondo. Wavu wa mbu hauwazuii, wanauchana. Meza na kitanda viwe mbali na dirisha.

Kitasa hubadilishwa siku hiyohiyo. Ufunguo uliokabidhiwa una nakala usizozijua: kwa mpangaji aliyetoka, kwa dalali, kwa fundi rangi, kwa msichana wa kazi aliyerudi kwao. Huwa namwomba mwenye nyumba kwa heshima: "Shikamoo baba, naomba ruhusa nibadilishe kitasa kwa gharama yangu, siku ya kuondoka nitakurudishia kile cha zamani." Hakuna aliyewahi kunikatalia. Na karibu na bahari nunua kufuli la shaba. Chuma huliwa na hewa ya chumvi, na kufuli lililoganda jioni litakulaza mlango umeegeshwa tu. Litie tone la mafuta ya cherehani mara kwa mara.

8. Salimia kabla hujashusha

Wako wanaodhani kutunza faragha ni kujifungia ndani na kutoonana na mtu. Bagamoyo haikubali hivyo, nami nashukuru. Nilipofika hapa, kabla sijafungua mlango, nilimwendea mzee aliyekaa barazani nyumba ya pili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo wewe unayehamia hapo?"

"Ndiyo baba. Nimeona nije nisalimie kwanza."

Akaniuliza kwetu wapi na nafanya kazi gani, nikamjibu. Kisha akawaita vijana waliokuwa wamesimama wakitazama vitu vikishushwa, mmoja mmoja kwa jina lake na la baba yake, akawaambia: "Huyu ni mgeni wangu." Sijawahi kununua kufuli lililonilinda kama maneno yale. Wiki ileile mtu alikuja mchana akidai ametumwa kuchukua kabati langu likatengenezwe. Mzee alimhoji mpaka akaondoka.

Jina, kazi na heri vinamtosha jirani. Hahitaji kujua unalipa kodi kiasi gani, wala mume wako anarudi saa ngapi, wala lini nyumba itakuwa tupu, ila yule mmoja uliyemwomba aitazame. Kwa mwenyekiti na mjumbe nenda mwenyewe ukajitambulishe, uandikwe kwenye daftari la wakazi. Ukiwa na kadhia, barua ya utambulisho utaifuata kwao, na ni vizuri wakufahamu kwa uso kabla hujawahitaji.

Stetasi ya WhatsApp ni jambo jingine. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba na mitaa ina vibao, kwa hiyo mgeni wako halisi unaweza kumpa anwani akafika. Kuweka picha ya nyumba mpya mtandaoni siku ya kwanza, na ramani yake, ni kuwapa anwani hiyo watu wote waliowahi kuhifadhi namba yako, wakiwemo usiowakumbuka.

9. Namba ya kulipia kodi iandikwe ndani ya mkataba

Karibu kila Mtanzania mwenye simu ameshapata ujumbe wa mtu anayejiita mwenye nyumba wake, akisema ile kodi itumwe kwenye namba nyingine kwa kuwa simu yake ina tatizo. Kwa aliyejenga kwake ni usumbufu wa kufuta. Kwa mpangaji aliyehamia wiki iliyopita, anayedaiwa salio na ambaye hajaizoea sauti ya mwenye nyumba wala namba yake, ni mtego uliotegwa kizingitini. Matapeli hutuma ujumbe huo kwa watu wengi bila kumjua yeyote. Lakini aliyeipata namba yako kwenye kundi la madalali, au kwenye kikaratasi cha karanga, anakuandikia kwa jina lako na jina la mtaa wako. Mwalimu mwenzangu alituma kodi ya miezi mitatu namna hiyo. Namba ile ilizimwa jioni ileile, na kodi akailipa upya kwa mkopo.

Mimi na mwenye nyumba wangu tulikubaliana siku ya kutia sahihi. Namba ya kulipia imeandikwa ndani ya mkataba, pamoja na jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha muamala. Ikibadilika atakuja mwenyewe au tutazungumza kwa sauti. Ujumbe wa maandishi haubadilishi kitu.

Wewe unayehama mwezi huu, fanya hivyo kabla hujalipa shilingi ya kwanza. Bonyeza pia *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukikuta usiyoitambua nenda ofisi ya mtandao husika ikafungwe. Na ujumbe wa tapeli ukikufikia usiishie kuufuta. Upeleke kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, ili laini ile ifungwe kabla haijamfikia mtu aliyehamia Mapinga jana.